Palipoandikwa Mkulima

Nilianza kazi Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Juni, mwaka uliofuata ule wa Azimio la Arusha. Mume wangu, aliyekuwa kuli bandarini, alikuwa amefariki mwezi wa Januari kwa homa ya siku chache, na eda yangu ilikuwa imekwisha siku si nyingi. Kwa wasioijua, eda ni muda ambao mjane wa Kiislamu hukaa ndani baada ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki pasipo haja, wala hakai na wanaume wasio jamaa zake. Nilitoka eda sina mume, sina kazi, na elimu yangu ni ya darasa la sita. Nilichokuwa nacho ni lugha mbili: Kiyao cha wazazi wangu waliotoka Tunduru, na Kiswahili cha Kariakoo nilikozaliwa.

Jirani yangu ndiye aliyeniambia kwamba kuna ofisi upande wa Mnazi Mmoja, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, inatafuta mtu ajuaye Kiyao. Ilikuwa ofisi ndogo ya kuwapokea watu waliokimbia vita ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako wakati huo Mreno alikuwa bado anatawala. Walikuja na maneno, na maneno yao yalitakiwa yaandikwe. Lakini wengi hawakujua Kiswahili, na waandikaji hawakujua lugha zao. Hapo katikati ndipo tulipokaa sisi wakalimani.

Mkalimani Mkuu aliitwa Bwana Elisante, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mpole, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata jua la Februari. Asubuhi ile aliniweka karibu na mzee mmoja aliyekuwa akilalamikia mbuzi wake waliopotea njiani, akaniambia nifasiri. Nikaanza, "Anasema kwamba..."

Bwana Elisante akainua kidole. "Nani anasema?"

"Huyu mzee."

"Mzee namwona. Hahitaji mpiga mbiu. Ukisema 'anasema kwamba', umekwisha jitenga naye, na anayekusikia ataanza kumtilia shaka kabla hajamaliza. Sema 'mimi'."

Basi nikasema, "Mimi nilikuwa na mbuzi saba, na beberu mmoja mwenye kichaa." Chumba kizima kikacheka, kwa sababu nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nimejifunika buibui. Mzee naye, aliyesikia Kiswahili kidogo, akacheka, akaniuliza kwa Kiyao kama mbuzi wangu nimewaona.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yetu. Mkalimani husema kwa nafsi ya anayesema. Haongezi chumvi, hapunguzi pilipili. Kanuni ya pili ni kusubiri: msemaji anasema kipande, ananyamaza, nawe unakitoa kipande hicho kizima kabla hujapokea kingine. Mimi nilitoa Kiyao kwenye Kiswahili, Bwana Elisante akatoa Kiswahili kwenye Kiingereza, na karani wa hati mkato akaandika alama zake zinazofanana na nyayo za kunguru. Neno lilipita mikono mitatu kabla ya kutua.

Mchana wa siku ile ile aliletwa mwanamke aliyefiwa na mume njiani. Alipotamka, ilinibidi nami nitamke. Nikasema, "Mimi nimefiwa na mume wangu." Bwana Elisante alizijua habari zangu. Hakunitazama. Aliinama akawa anachonga penseli iliyokwisha kuchongoka, mpaka nilipoweza kuendelea.

Nilikaa ofisini hapo mwaka mmoja, kisha nikapelekwa kusini, kwenye kituo cha kuwapokea wavukao mto. Huko Mkuu wa Kituo alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyependa kila jambo liwe fupi. "Bi Somoe," alikuwa akiniambia, "mtu akieleza safari ya siku tisa, nipe siku ya tisa." Nikamjibu kwamba siwezi, mpaka siku nane za kwanza zipite. Tulizoeana hivyo hivyo. Niliporudishwa Dar es Salaam alinipa kuku, na kuku yule alisafiri nami ndani ya basi hadi Kariakoo akiwa kimya kuliko abiria wote.

Niliporudi niliikuta ofisi katika pilikapilika. Tume ilikuwa inakuja.

Vijana wa leo wamezoea kusikia habari za tume na waangalizi wa kimataifa redioni, lakini kwetu lilikuwa jambo geni. Tume ni watu wanaoteuliwa na mataifa mengi kwenda kuchunguza madai: kwamba mahali fulani raia walishambuliwa, kwamba silaha iliyokatazwa ilitumika. Upande unaoshutumiwa hukana. Upande ulioumia hulia. Tume hukaa katikati ikauliza. Niliwahi kumuuliza Bwana Elisante nguvu yao ni nini.

"Hawana polisi, hawana jela," alisema. "Wana kuaminiwa tu. Wakikutwa na uongo mmoja, wamekwisha."

Kariakoo hawakuwaamini. Kwenye mabaraza ya kahawa ya Mtaa wa Mchikichi nilipita kila siku, na wazee walikuwa wakinitania.

"Bi Somoe, hao wageni wako wamefika?"

"Kesho kutwa."

"Waambie waje na maji. Sisi tunaungua, wao wanakuja na kalamu."

"Na mwingine alishakuja mwaka juzi," akadakia mwenzake. "Akapiga picha, akala kamba wa Feri, akaondoka. Kamba wakaisha, vita haikwisha."

Walicheka, nami nikacheka.

Tume ilikuwa na Mwenyekiti, jaji mzee kutoka nchi za baridi, na wajumbe wengine, miongoni mwao daktari mmoja mwanamke wa Kihindi. Shauri kubwa lilikuwa la kijiji kimoja cha Wayao ng'ambo ya mto. Ilidaiwa kwamba ndege iliangusha moto usiozimika kwa maji. Upande wa pili ulisema hapakuwa na ndege, ni jiko lililoshika paa la nyasi. Wanaume kadhaa walitoa ushahidi, lakini wote walikuwa wamefika baada ya moto. Aliyekuwepo na kuona kwa macho yake alikuwa mmoja, mwanamke aitwaye Che Awetu. Che kwa Wayao ni neno la heshima, kama Bwana au Bibi. Mumewe aliungua mbele yake, akafa baada ya kuvushwa mto. Shemeji yake, Mzee Mbaraka, ndugu wa marehemu, aliyekuwa akiishi Kariakoo siku nyingi, ndiye aliyemchukua akamweka nyumbani kwake hapo Mtaa wa Mchikichi. Bila Che Awetu, shauri la kijiji kile lilikuwa linaanguka.

Katibu wa Ofisi, kijana msomi mwenye haraka, alituma Landrova kwenda kumchukua aletwe kwenye ukumbi wa Tume. Landrova ikarudi tupu.

"Shemeji yake amekataa," Katibu alisema. "Anasema hatoki. Karani wa Tume ananiuliza kama kuna mtu anamficha. Anasema shahidi anayefichwa ana jambo la kufichwa. Jumamosi wanapanda ndege."

Bwana Elisante alinigeukia. "Bi Somoe, huyu mama amefiwa lini?"

"Huu ni mwezi wa pili sasa."

"Basi ni ile eda?"

"Ndiyo, bwana."

Katibu alikuwa Mwislamu wa Pwani, akajipiga paji la uso. Haraka ilikuwa imemsahaulisha. Alikwenda mara moja kwa Shehe, akarudi amechangamka. Shehe amesema mjane mwenye haja ya lazima anaweza kutoka mchana, na kutoa ushahidi wa haki ni haja. Nikatumwa mimi nikampelekee habari.

Nilimkuta Che Awetu chumbani, juu ya mkeka, amevaa kaniki. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa mpaka juu ya kiwiko. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Nilimpa pole, tukasalimiana kwa Kiyao, nikamweleza alivyosema Shehe.

"Shehe ni mtu wa elimu, simbishii," alisema. "Ruhusa nimeisikia. Lakini mimi sitaki. Nipande gari na wanaume nisiowajua, nikakae ukumbini niulizwe mume wangu alikufaje, halafu nirudishwe kama mzigo? Kwetu, anayetaka kujua msiba huja msibani."

Mzee Mbaraka alikuwa ukumbini, akadakia kupitia mlango. "Na wakija wataandika watakalo. Mwambie, Bi Somoe. Wewe unakula nao."

"Sili nao, Mzee Mbaraka. Nakula kwangu."

"Basi unanusa."

Nilirudi ofisini nikayasema maneno ya Che Awetu kama alivyoyasema, kwa nafsi ya kwanza, bila kulainisha. Bwana Elisante akayapeleka hotelini kwa Mwenyekiti. Baadaye alinisimulia kwamba jaji aliuliza watu wa hapa hupeleka nini msibani. Akaambiwa sukari, au mchele.

Alhamisi asubuhi Mtaa wa Mchikichi wote ulisimama kuiona Tume ikishuka garini na mfuko wa sukari. Jaji alivua viatu mlangoni kama alivyofundishwa, akakaa kwenye mkeka ukumbini, miguu yake mirefu hajui aifiche wapi. Soksi yake moja ilikuwa imetiwa kiraka cha uzi wa rangi nyingine. Wanawake waliokuwa uani wakaona, wakaanza kunong'onezana.

"Jaji mzima soksi ina kiraka."

"Basi huyo hajanunuliwa. Angekuwa amenunuliwa, soksi ingekuwa nzima."

Maneno hayo yalizunguka Kariakoo kabla ya adhuhuri, na nadhani yaliwasaidia kuliko hotuba yoyote.

Jaji akasema, "Poleni na msiba." Alikuwa amefunzwa na Bwana Elisante. Mzee Mbaraka, ambaye hakuwa ameitarajia hiyo, ikambidi ajibu, "Tumekwisha poa."

Utaratibu wa Tume ulidai kwamba shahidi aonwe na Tume. Kwa hiyo daktari aliingia chumbani pamoja nami, pazia likashushwa, na jaji na Bwana Elisante na karani wa hati mkato wakabaki ukumbini. Daktari alifungua vitambaa polepole, akaitazama mikono ya Che Awetu kwa muda mrefu, akaandika. Kisha tukaanza. Che Awetu alinena, nami nikapaza Kiswahili kupita pazia, na upande wa pili Bwana Elisante akakigeuza Kiingereza.

Lakini kabla ya kueleza lolote, Che Awetu alisema ana swali lake kwanza.

"Mimi nataka kujua. Nikisema, na wewe ukaandika, mabomu yatakoma?"

Jibu la jaji likaja, Kiingereza kwanza, halafu sauti ya Bwana Elisante: "Siwezi kukuahidi hilo. Mimi sina jeshi. Nikikuahidi nitakuwa nimekudanganya. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba nitaandika ulivyosema wewe. Na nitaandika pia wanavyosema wao. Halafu nitasema ninachokiona kuwa kweli, hata kama wewe hutakipenda."

Nawaambia wazi, nilitamani kuongeza. Alikuwa mjane mbele yangu, mikono imeungua, na katika Kiyao yapo maneno mengi ya kumfuta mtu machozi. Ningeweza kuchomeka moja tu. Nilimtazama, nikamwambia yote kama yalivyokuja, pamoja na lile la kwamba hatalipenda.

Mzee Mbaraka alijua Kiyao na Kiswahili, kwa hiyo alisikia mara mbili. Akaguna. "Unaona? Hata ahadi hana."

Che Awetu akaitazama mikono yake. Akasema, "Shemeji, wote waliokuja kwangu tangu nivuke mto wameniahidi. Huyu ndiye wa kwanza ambaye hakunidanganya. Aandike."

Akaeleza. Kwamba asubuhi ile mumewe, Che Rajabu, alikuwa ameshuka shambani kuchimba muhogo wa siku ile, naye alikuwa akimfuata na mtungi wa maji. Kwamba ndege ilipita mara moja ikarudi. Kwamba kilichoanguka kilipasuka kikatawanyika, na moto ulipomrukia mumewe ulinata kama ulimbo wa kutegea ndege. Alimwagia maji mtungi mzima, moto ukaendelea. Akachota tope kwa mikono miwili akawa anampaka, na kila alipopaka moto ulimshika na yeye. Tope ndilo lililouzima. Kulikuwa na harufu kama ya mafuta ya gari. Alisema haya kwa sauti ile ile nzito, hakulia, nami nikasema, "Nilichota tope," na, "Nilimpaka mume wangu," na sikulia pia, mpaka jioni nyumbani kwangu.

Kisha jaji akauliza, "Wapiganaji walikuwepo kijijini?"

Ukumbini nikamsikia Mzee Mbaraka akikohoa. Che Awetu alisikia pia.

"Walipita juzi yake," alisema. "Walikula ugali kwetu, wakaondoka. Siku ile hakuwepo hata mmoja."

Nikalipitisha.

Kesho yake Katibu alikuja mezani kwetu. "Lile la wapiganaji kula ugali lilikuwa na lazima gani? Limetuharibia."

"Ndugu Katibu," Bwana Elisante alisema, "alilisema."

"Najua alilisema."

"Basi ndiyo lazima yenyewe."

Taarifa ya Tume ilichukua zaidi ya mwaka kufika. Ilipofika ilikuwa nene kama tofali. Ilisema kwamba kuhusu kijiji cha Che Awetu, Tume imeridhika: ndege ilikuja, moto ulikuwa wa silaha, na wapiganaji hawakuwepo siku ile. Kumbe ugali ule haukuharibu kitu. Waliandika kwamba shahidi aliyekubali kueleza hata lisilomfaa ameaminika katika mengine. Lakini kuhusu kijiji kingine, ambacho mtaani tulikizungumza zaidi, Tume ilisema haikuridhika, kwa sababu mashahidi walipishana.

Kariakoo ilichacha. Kwenye baraza la kahawa hawakunitania tena, walinisuta. "Wamelishwa na Mreno hao, Bi Somoe. Nusu kweli, nusu uongo." Ile soksi hakuna aliyeikumbuka. Mimi niliwajua wale mashahidi waliopishana, maana niliwafasiri mwenyewe, na kweli walipishana. Sikusema hivyo barazani. Nilisema tu kwamba mwenye kukubali kila kitu hakuchunguza kitu. Mzee mmoja akanijibu kwamba hiyo ni lugha ya ofisini.

Wakati huo Che Awetu na Mzee Mbaraka walikuwa wamehamia Magomeni, nyumba ya Kiswahili yenye kibaraza, na Che Awetu alikuwa akiuza mkaa kwa kopo. Mikono ilikuwa imepona, lakini vidole viwili havikukunjuka. Bwana Elisante alinipa kurasa zinazomhusu nikamsomee kwa Kiyao, kwa sababu, alisema, mwenye neno lazima alisikie lilivyotua.

Nilimsomea yote. Maneno ya upande wa pili, kwamba ni moto wa jikoni, alitaka niyarudie. Nikarudia. "Sawa," alisema. "Na wao wamesema. Aliahidi kuwaandika, amewaandika. Sasa nisomee changu."

Nikasoma mpaka nilipofika, "Marehemu, mkulima, alikuwa shambani kwake."

"Nani?"

"Marehemu."

"Umesema nani?"

"Mkulima."

Che Awetu akaweka kopo la mkaa chini. "Huyo si mume wangu. Mume wangu alikuwa mshona kofia."

Nikamweleza nilivyodhani ilitokea: tulisema kwamba alikuwa shambani, na mtu wa mbali aliyekuwa akiandika taarifa, akisikia shamba, akaandika mkulima. Hakuna aliyemuuliza kazi yake.

"Jembe hakuliweza kabisa," alisema. "Tumegombana kwa ajili ya jembe tangu nimeolewa. Nguruwe wanakula muhogo, yeye yuko barazani na sindano. Siku ile alikwenda shamba kwa sababu nilimsema. Kofia zake zilivaliwa mpaka pwani, watu wakienda kuoa. Leo aandikwe mkulima? Waliyemwandika ni mtu mwingine, na mtu mwingine hakuungua."

Nilirudi ofisini na neno hilo. Katibu akaona ni jambo dogo, akaenda mwenyewe Magomeni kumtuliza, nami nikafuatana naye kufasiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mkulima ni sifa. Nchi hii yote ni ya wakulima na wafanyakazi."

"Ni sifa, mwanangu," Che Awetu alimjibu, "lakini si yake."

Njiani Katibu hakuwa na hasira, alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Aliniambia kwamba tukiandika kuwa taarifa ina kosa, upande wa pili utaitangaza: shahidi mwenyewe anasema imekosea. Na watu wetu wa Kariakoo, ambao hawaiamini tayari, watasema wakikosea neno moja wamekosea yote. Ofisini alimwambia Bwana Elisante hayo hayo.

Bwana Elisante alifikiri mchana kutwa. Sijawahi kumwona akikaa bila kazi muda mrefu vile. Jioni alisema, "Ndugu Katibu, yule mama alisema la ugali likiwa linamwumiza. Sisi tutashindwa kusema la kofia?"

Tume ilikuwa na utaratibu wake wa masahihisho. Hawabadilishi kitabu kilichokwisha kutoka. Hutoa karatasi ndogo inayosema, palipoandikwa hivi, pasomeke hivi, na karatasi hiyo hupelekwa kila mahali kitabu kilikokwenda. Bwana Elisante aliwaandikia. Katibu alitia saini, mkono wake ukiwa mzito, lakini alitia.

Tukangoja. Mvua za masika zikaja zikapita. Nilipopita Magomeni, Mzee Mbaraka, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumtupa mkono, alinipigia kelele kutoka kibarazani, "Bi Somoe! Majaji wako wameamka?"

"Bado, Mzee Mbaraka."

"Wasubirie. Pengine wanashona soksi."

Che Awetu hakuniuliza kamwe. Alinipa mkaa wa nyongeza kwenye kopo, akauliza habari za nyumbani.

Sasa mimi ni mtu mzima. Nchi za jirani zilipopata uhuru ofisi yetu ilifungwa, na mimi nikahamishiwa idara nyingine, kufasiri mabaraza ya usuluhishi, ndoa na viwanja, mpaka nilipostaafu. Katibu alipanda vyeo, na aliponiona mjini alishuka garini kunisalimia. Bwana Elisante alifariki kwao Kilimanjaro. Nilikwenda kwa basi kumzika, nikakaa na wanawake wa nyumbani kwake tusioelewana lugha, tukaelewana. Hakuna siku ninayokaa bila kumkumbuka akichonga ile penseli.

Vijana wanaonijua huniuliza kama wachunguzi wa kimataifa ni wa kuaminika. Siwezi kuwajibia wote, maana nimewaona wa kila namna, na wapo waliokuja kula kamba. Ninachoweza kusema ni kwamba msiwapime kwa ahadi, wala kwa kuwa wamesema mnachokipenda. Watazameni wanapoambiwa wamekosea. Kazi yangu imenifundisha hilo tu, na katika shauri la Che Awetu nililiona mwisho wake.

Karatasi ile ya masahihisho ilifika, ofisi yetu ingalipo, asubuhi moja ya Jumanne, tulipokwisha kuacha kuitaja. Bwana Elisante hakunikabidhi niipeleke peke yangu. Alivaa lile koti la kijivu, tukatoka Mnazi Mmoja kwa miguu, tukapita Kariakoo, tukashuka Jangwani hadi Magomeni. Che Awetu alikuwa anapima mkaa. Akatuona, akajifuta mikono kwenye kanga, akatukaribisha kibarazani.

Nilimsomea kwa Kiyao. Ilikuwa mistari miwili tu. Akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha akamgeukia shemeji yake aliyekuwa amesinzia mlangoni, akamgusa bega, akaniambia, "Msomee na huyu. Kwa Kiswahili, kwa sauti, hasikii."

Nikasimama, nikapaza sauti, mpaka wapita njia wawili wakasimama kusikiliza. "Palipoandikwa mkulima, pasomeke mshona kofia."

Mzee Mbaraka akatega sikio, akaniashiria niseme tena. Nikasema tena. Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ndiye huyo," akasema. "Ndiye kaka yangu."